Shahidi wa Mipaka

Fomu ilikuwa na kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa wamiliki, wa pili wa mashahidi. Niliijaza mwenyewe, kwa mwandiko wangu mzuri wa kidato cha nne, kwa sababu wapimaji walikuwa na haraka na mimi nilikuwa mjumbe wa kamati ya ardhi ya kijiji. Kwenye ukurasa wa kwanza niliandika jina langu na majina ya wanangu wawili wa kiume. Kwenye wa pili niliandika jina la dada yangu.

Shamba liko Butiama, nyuma ya nyumba ya marehemu mama yetu. Mimi sikuwahi kulilima. Nilikuwa Musoma, karani wa ghala. Dada alipoachana na mume wake wa Mugango na kurudi nyumbani na mabinti wawili, alikuta magugu yamefika madirishani. Alilima mihogo na mtama, akamuuguza mama mpaka akamzika. Nilipostaafu nikarudi, nilikula chakula cha shamba lile bila kuuliza kimetoka wapi.

Siku ya kupima, kijana mwenye kifaa aliniuliza mpaka unapita wapi. Nikanyoosha mkono kuelekea bondeni. Dada akacheka.

"Huyo mwacheni, ni mgeni. Hapo anapoonyesha ni kwa watu."

Akatangulia. Alitupitisha kwenye minyaa, akaruka mfereji, akasukuma majani kwa mguu mpaka jiwe likaonekana. "Hili alilizika baba. Lile pale nililizika mimi, huyu bwana alipokuwa anasogea na jembe kila mwaka." Jirani alikuwapo. Akainamisha kichwa, akakubali.

Jioni, kwenye meza ya ofisi ya kijiji, aliniuliza, "Kaka, umeniandika?"

"Nimekuandika."

Nililisema kwa urahisi kwa sababu halikuwa neno la uongo. Nikamwonyesha pa kuweka dole gumba, maana hakusoma. Akaufuta wino kwenye kanga, akawaambia waliokuwa nyuma yake kwenye foleni, "Haya, na mimi nimekuwa na shamba. Atakayenichezea nitamshitaki." Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao.

Siwezi kusema sikujua sheria. Ofisa wa wilaya alikuwa ametueleza kwamba mwanamke ana haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume, na niliandika maneno hayo kwenye daftari langu. Nilijiambia tu kwamba dada hatakosa pa kulima maadamu mimi ni mzima. Hakuwa ameniomba pa kulima. Alikuwa ameomba aandikwe.

Miaka minne baadaye ng'ombe wa jirani yule waliingia kwenye mihogo yake. Alikwenda kushitaki, nami nikamsindikiza. Kulikuwa na mtendaji mpya. Alifungua jalada, akafunua karatasi ya kwanza, kisha ya pili.

"Mama, mwenye shamba ndiye alete malalamiko."

"Mwenye shamba si ndiye mimi? Nilikuwaga na wapimaji toka asubuhi."

"Humu wewe ni shahidi."

"Shahidi wa nini?"

"Wa mipaka. Umeshuhudia kwamba shamba ni la kaka yako na wanawe."

Jirani, aliyekuwa ametufuata, akaona pa kutania. "Basi, bibi shahidi, mwite mwenye mali nimwombe radhi." Hakuna aliyecheka. Dada alinitazama kidogo tu, kama mtu anayehakikisha sura, akatoka nje.

Tulipofika uani alisema, "Kumbe siku nzima nilikuwa nakuonyesha cha kuninyang'anya." Mihogo hakuing'oa. Kabla ya mvua alihamia Bweri, Musoma mjini.

Nilikwenda kuuliza namna ya kuirekebisha hati. Niliambiwa inawezekana, ila wamiliki wote watatu wasaini fomu ya marekebisho. Nilikuwa nimejifunga mwenyewe kwa kuwaandika watoto. Mdogo, ambaye ni fundi pikipiki Bunda, alisaini juu ya kiti cha pikipiki ya mteja. Mkubwa alikataa. Alikuwa ameshachoma matofali palepale shambani.

"Baba, shangazi ana mabinti tu. Likienda kwake litaishia kwa wakwe."

Hoja hiyo aliisikia kwangu akiwa mtoto.

Nikaipeleka fomu Bweri hivyohivyo. Dada alikuwa amepanga chumba, na alikuwa analima kiwanja cha mtu ambaye hajaanza kujenga. Hakuniruhusu nimsomee. Alimwita mama mwenye nyumba, ambaye ni fundi cherehani. Yule mama akaweka mkasi chini, akasoma mstari kwa mstari.

"Hapa pa kijana mkubwa pako wazi," alisema.

Dada akanigeukia. "Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia kulikuwa na makosa ya kuandika."

"Makosa ya nani?"

Nikauokota mkasi, nikamrudishia mama mwenye nyumba.

"Kaka, ukimwambia ni makosa ya kalamu, kwa nini asaini? Mwambie ulivyonifanyia."

Akanirudishia karatasi, akaingia ndani kuniletea uji.

Nilimkuta mwanangu shambani na mafundi wawili wanaochimba msingi. Nilimweleza yote, mafundi wakisikia: swali la shangazi yake, jibu langu, dole.

"Kwa hiyo ulimdanganya," alisema.

"Nilimdanganya."

Aliyaangalia matofali yake. Kisha akawaambia mafundi waweke majembe chini, waende nyumbani, atawaita. Hilo lilikuwa mwezi uliopita. Hajawaita, na fomu bado hajaisaini.