Majibu ya Baba Kuhusu Mdogo Wangu

Kama ungekuwa nyumbani kwangu Jumapili ile, rafiki yangu, ungedhani nimeona nyoka. Tulikuwa tumetoka kanisani, bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo viko mezani, umeme ndio kwanza umerudi, na binti yangu akawasha televisheni. Nikasikia jina la mchezo ule, "Unamujua Wako?", na tonge likabaki mkononi. Nilikuwa sijalisikia jina hilo tangu utoto wangu hapa hapa Likasi. Kumbe wameufufua.

Acha nikueleze ulivyokuwa. Mzazi na mtoto wake walikwenda studio, Lubumbashi, wakaketishwa wakipeana migongo. Mtangazaji alimwuliza mzazi mambo ya mtoto: anapenda nini, anakataa nini, anaogopa nini. Mtoto aliandika jibu lake kwa chaki kwenye kibao kidogo, kisha akakigeuza. Majibu yakifanana, kengele ililia. Basi, ndivyo tu. Lakini akina baba walikuja na koti na tai, wakajibu kwa sauti ya chini kama watu walio mbele ya hakimu, kwa sababu kutomjua mtoto wako machoni pa mji mzima ilikuwa aibu kubwa.

Siku hizi wanacheka. Baba asiyejua anamwagiwa povu kichwani, muziki unapigwa, watazamaji wanapiga kura kwa simu. Binti yangu alicheka hadi akakohoa.

"Mama, angalia ule papa! Hajue hata kitu moja!"

"Ya zamani ilikuwa muzuri kupita hii," nikamwambia.

"Weye ulikwendaka?"

"Hapana. Ni babu yako alikwendaka. Na mama yako mudogo."

Baba yangu, ambaye anaishi nami hapa mtaa wa Kikula tangu mama alipofariki, alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango. Aliposikia hivyo alitabasamu, na lile tabasamu, baada ya miaka yote hii, lilinichoma.

Tulikuwa wasichana wawili. Mimi nilikuwa yaya, yaani mkubwa. Mdogo wangu alinifuata kwa karibu sana, hata watu walituita mapacha. Baba alifanya kazi ya umeme mgodini. Aliandikisha jina lake studio, nasi tukangoja wiki nzima, hadi aliporudi na habari kwamba wamelikubali, na aje na mtoto mmoja. Mama alikuwa anapuliza mbabula ili makaa yashike. Mimi nilisimama kwa haraka, nikapangusa mikono kwenye gauni. Baba alimgusa mdogo wangu begani.

"Tutakwenda na huyu."

Hakueleza. Mama naye hakuuliza. Nilichukua ndoo nikaenda kuteka maji, ingawa pipa lilikuwa limejaa.

Siku ya mchezo, avenyu yetu yote ilijazana sebuleni kwa jirani, mwanamke wa Kasai aliyekuwa na televisheni na aliyetupokea sote bila kununa, mradi tuache viatu nje. Aligawa karanga za kukaanga. Kulikuwa na harufu ya karanga, ya jasho, na ya nta nyekundu aliyopaka sakafuni. Kisha wakatokea: baba na tai aliyoazima, mdogo wangu na soksi nyeupe ambazo zilikuwa zangu.

Baba alijibu yote. Alijua kwamba mdogo wangu hali ngozi ya kuku. Alijua jina alilompa mwanasesere wake wa matambara. Alijua wimbo anaoimba akiwa anafua. Kila kengele ilipolia, sebule ilipiga kelele, na mimi nilikuwa natafuna karanga zisizo na ladha. Ndipo mtangazaji akauliza mtoto anaogopa nini.

"Siren ya mugodi," baba akasema. "Akisikia tu, anafungaka macho."

Kengele ikalia. Jirani alinikumbatia akilia kwa furaha. Hakuna aliyejua kwamba kila siren ilipolia, mimi ndiye niliyemziba mdogo wangu masikio kwa viganja vyangu, na yangu mwenyewe yakabaki wazi. Nilikuwa naiogopa kuliko yeye.

Walirudi na redio ya kaseti. Tangu hapo mdogo wangu hakulipia tena muwa sokoni. Mwalimu alimwita mbele ya darasa, kwani tulisoma pamoja, atusimulie studio ilivyo, kisha akanitazama mimi: "Na weye ni yaya yake?" Hilo likawa jina langu kwa muda mrefu.

Sasa, Jumapili hii, baba akitazama watu wakimwagiana povu, nikamwuliza kile ambacho sikuwahi kuthubutu kukiuliza.

"Papa, ju ya nini ulibebaka ule, hapana miye?"

Binti yangu akapunguza sauti ya televisheni.

"Ule alikuwa anasemaka," akasema baba. "Kila kitu iko mu roho yake, anasema. Weye ulikuwa unanyamazaka. Niliogopa, mama. Bangeniuliza juu yako, singejua hata jibu moja."

Aliniita "mama", kama baba wa kwetu anavyomwita binti anayempenda, na sijui kama nilifarijika au nilizidi kuumia. Nilitaka kumwambia kwamba angeweza kuniuliza. Kabla sijafungua mdomo simu yake ikalia. Alikuwa mdogo wangu, kutoka Lubumbashi. Naye alikuwa anatazama. Nilisikia kicheko chake hadi pale nilipokaa.

"Papa, unaona mambo gani banafanya? Sisi tulikuwa bakali!"

Baba akasimama upesi, bila fimbo, akatoka nayo lupangoni, uani kwetu, na nikamwona akitembea huku na huku kati ya kamba za nguo, akicheka, akionyesha kwa mkono jinsi kibao kilivyogeuzwa. Alikuwa kijana tena. Mimi nilifunika sahani yake isipoe.

Jirani wetu alirudi Kasai zamani, na nyumba yake inauza simenti. Ile studio, wanasema, imekuwa ghala. Vitu hivyo vimepotea na sivililii sana. Ninayemlilia ni msichana mmoja ambaye, wiki nzima kabla ya baba kuchagua, alikuwa analala akipanga majibu yake: napenda maboke ya samaki wa kuokwa majanini, sipendi kuitwa mkubwa, naogopa siren. Alikuwa nayo yote tayari. Leo ukiniuliza ninachopenda, rafiki yangu, itabidi nifikiri kwanza.