Sukari Tatu Mbele ya Tingatinga

Hii aibu nimeikimbia vya kutosha, lakini kwa kuwa video bado inazunguka kwenye simu na binamu zangu huiweka kila tukikutana, afadhali niisimulie mwenyewe. Ndiyo, yule msichana aliye juu ya spika na sketi imepasuka ni mimi, Peris.

Yote yalianzia Shirere, ninakopanga chumba na rafiki yangu Metrine. Siku moja akaja jamaa mmoja muuza spika wa mjini, anaunda kundi la wasichana, na jina alikuwa nalo tayari: Sukari Tatu. (Wasichana ndio alikuwa bado hana.) Metrine akaimba, jirani akazima redio yake asikilize. Nikaimba mimi, jirani akaiwasha tena. Basi meneja akatukagua kuanzia viatu kwenda juu, akanichagua mimi na wengine wawili wembamba, Metrine akaambiwa ataimba studio tu. "Sauti naweza weka kwa spika," akasema, "lakini miguu siwezi." Sisi kazi yetu ingekuwa kufungua midomo. Metrine alinitazama aone kama nitasema lolote, nami nikajitia natafuta kiatu changu.

Wimbo ukapigwa redioni, Mama akanipigia simu kutoka Lugari, analia kwa furaha: "Peris, hiyo sauti ni yako kweli?" Ningesema hapana, mambo yangeishia hapo. Nikasema ndiyo.

Onyesho letu la tatu (na la mwisho, mtaona) lilikuwa Malinya, asubuhi ya kupiganisha mafahali. Tulipangiwa kuimba kabla ya pambano, na ili wenyeji watupende, meneja alikuwa ameongeza ngoma za isukuti kwenye wimbo. Sasa, hakuna asiyejua kwamba fahali husindikizwa uwanjani kwa isukuti, na akizisikia anajua kazi imeanza. Tulijua sote, ila tulidhani fahali pia anajua kwamba sisi tunaigiza tu. Mama alikuwa mbele kabisa na akina mama wenzake wa kanisani, wamevaa vitambaa vya kichwa vinavyofanana kwa ajili yangu.

Ubeti wa pili ngoma zikapamba moto, na Tingatinga, fahali wa mjomba wake Metrine, akakata kamba akaja. Wenzangu wakatupa maikrofoni wakatimua mbio, meneja alikuwa ameshafika katikati ya mahindi ya watu, mimi nikapanda juu ya spika, mdomo wazi, safari hii kwa mayowe, na wakati wote huo sauti tamu ikaendelea bila haraka yoyote: "Sitakukimbia mpenzi, niko hapa nakungoja." Watu walicheka hadi wengine wakakaa chini.

Metrine, aliyekuwa amekuja na mjomba wake kumsindikiza fahali, ndiye aliyechomoa waya. Akamwendea Tingatinga taratibu, akimwimbia ule wimbo wanaomwimbiaga nyumbani wakimpelekea majani, na lile dume likasimama, likainamisha kichwa. Kicheko kikakatika. Kila mtu aliitambua ile sauti.

Mama naye aliitambua. Alinipita pale juu kama hanioni, akamshika Metrine mkono: "Mwanangu, kumbe ni wewe nimekuwa nikisikianga kwa redio?"

Metrine akanitazama, vilevile kama siku ile ya Shirere. Kiatu cha kutafuta sikuwa nacho, kilikuwa chini ya kwato za Tingatinga.

"Ni yeye, Mama," nikasema. "Mimi sijawahi kuimba."

Kundi lilikufa siku hiyohiyo, hata kabla mafahali hawajapigana. Metrine alinisamehe baada ya wiki tatu za mimi kuosha vyombo, na nimeapa sitafungua mdomo tena mahali ambapo mwingine ndiye anayeimba. Mama bado hupiga simu Shirere kila Jumapili. Hupiga ya Metrine, aimbiwe kidogo, halafu ndipo huuliza kama mimi nipo.