Kizza Kwenye Buti la Duku

Mume wangu Yafesi akishika rangi, hata nyumba ikiwaka moto atakuambia ngoja kwanza ikauke. Nimeolewa naye, najua ninachosema. Alitoka Masaka na bomba lake la kupulizia rangi akaja Juba, amani ikiwa bado mbichi, nami nikamfuata na binti yetu Sanyu. Tulipanga nyumba mtaa wa Nyakuron, yenye ua wa kutosha magari mawili. Kiswahili changu ni cha Busia nilikolelewa. Chake ni cha gereji, na tunaelewana hivyo hivyo.

Siku moja akaja Duku, mzaliwa wa Juba aliyerudi kutoka ukimbizini Uganda, akiivuta Shevrole ya zamani ya marehemu baba yake. Aliitaka irudi kama ilivyokuwa, mpaka ndani ya buti: rangi ya kijivu yenye madoadoa meupe na meusi. Nilicheka. Nani anapaka wanja kisigino? Yafesi hakucheka. Tangu tuje, kazi yake ilikuwa milango ya malori tu. Duku alimwambia buti likitoka sawa, wenye magari ya zamani wote wa mji huu atawaleta kwetu.

Basi akaanza. Akapiga msasa, akapaka kijivu, kisha akapunguza upepo wa bomba ili rangi isitoke kama moshi, idondoke matone matone. Rangi ya madoadoa huchanganywa na maji. Kabla haijakauka na kupigwa vanishi juu, kidole chenye jasho tu kinaiharibu. Na siku hiyo upepo kutoka mlima wa Jebel ulikuwa unatumwagia vumbi. Yafesi akalaza mbao juu ya mdomo wa buti, akatandaza nailoni, akaikandamiza kwa matofali. Kona moja ikakosa kitu kizito, akamchukua Kizza.

Kizza alikuwa mtoto wa Sanyu wa kuchezea. Chuma kizito alichokiokota nyuma ya choo, kinene tumboni, chenye mkia wa mabawa madogo. Sanyu alimchora macho kwa makaa, akamfunga kitenge na kumbeba mgongoni kutwa nzima. Kwetu Buganda, Kizza ni mtoto anayezaliwa baada ya mapacha. Nilidhani jina amelisikia kwa majirani akalipenda, watoto ndivyo walivyo. Mimi mwenyewe nilikuwa namwogesha huyo Kizza kwa sabuni.

Yafesi alimvua kile kitenge, nyuzi zisije zikaangukia rangi, akamlaza uchi juu ya nailoni.

Mchana Duku akaja kuona kazi. Alikuwa anatabasamu, akainama, tabasamu likakatika. Akarudi nyuma hatua moja bila kugeuka.

"Fundi, usiguse kitu. Toka hapo polepole. Hilo ni bomu."

"Bomu gani? Hii iko mtoto ya Sanyu."

"Nimekua na hayo kabla sijakimbilia Uganda, nayajua. Mama Sanyu, mchukue mtoto, tokeni."

Nilikumbuka mara zote Kizza alizoanguka kutoka mgongoni kwa Sanyu, nami nikimwambia mwanangu, mfunge vizuri. Na Yafesi amesimama pale, mkono umekingia nailoni. "Mimi natoka namna gani? Rangi bado maji." Nilimwita mjinga mbele ya mteja wake na sijutii. Nikamkamata shati, nikamvuta mpaka barabarani, Sanyu kwapani akilia.

Duku aliwapigia simu watu wa kutegua mabomu, wakafika na gari lao. Aliyeingia uani anaitwa Bol, kijana wa Kidinka aliyekulia Kakuma, Kiswahili chake cha Kenya. Sote tulisukumwa mbali ng'ambo ya barabara. Tulimwona kupitia lango akimwinua Kizza kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea kichanga kwa mkunga. Nailoni haikutikisika. Akatoka naye, akamlaza kwenye sanduku la mchanga ndani ya gari.

Majirani wakaanza kupumua. Yafesi hakungoja kuruhusiwa. "Napiga vanishi kabla ya vumbi," akasema, na huyoo, ameshaingia uani.

Bol alinisogelea. "Mama, hizi kawaida hazikuwangi moja. Umeona ingine hapo kwako?"

"Hapana," nikasema. "Ni hiyo tu."

Sanyu alikuwa bado anamlilia Kizza wake. Nikamwinamia, nimbembeleze. "Nyamaza, mama. Na nani alikufundisha kumwita Kizza?"

Akanishangaa mimi, mama mzima nisiyejua. "Si amekuja nyuma ya mapacha."

"Mapacha gani, Sanyu?"

"Wamelala. Niliwafunika gunia jikoni, nyuma ya sigiri, wapate joto."

Bol alinitazama. Mimi nilikuwa nimeacha maharagwe motoni tangu asubuhi, na makaa ya hiyo sigiri nilijaza mwenyewe. Nikataka kumwita Yafesi, nikafungua mdomo, sauti haikutoka.

Yake ndiyo iliyotoka, kule ndani, imetulia kabisa. "Mama Sanyu, maharagwe yako inaungua. Mimi naenda kutoa."