Majivu Kwenye Lenzi ya Shangazi

Mpaka leo nikisikia harufu ya tangawizi iliyokaa kwenye gunia, pua inaniwasha kwanza, halafu namkumbuka shangazi yangu Eliwaza na kamera yake. Kwa wengine tangawizi ni chai. Kwangu ni kile chumba cha stoo nyuma ya nyumba yetu kule Mamba, juu kwenye milima ya Upare, chumba kisicho na dirisha, ambamo mavuno yalirundikwa yakisubiri gari la kuteremka Same. Ukiingia ulipokewa na joto la ajabu, utadhani magunia yanapumua. Nje ukungu wa asubuhi ulifunika migomba, na ndani kuta zilitoka jasho. Kwenye msumari mmoja juu kabisa, ambapo mtoto asingefika bila kupanda magunia, ulining'inia mkoba wa ngozi wa kahawia, na ndani yake mlikuwa na kamera pekee ya kijiji chetu. Shangazi aliamini kwa moyo wote kwamba ukali wa tangawizi hufukuza mende, nondo na wezi, kwa hiyo hakuona mahali pengine salama kuliko hapo. Kuhusu mende alikuwa sahihi.

Kamera ile aliachiwa na mwalimu mgeni aliyefundisha sekondari huko kwetu kisha akarudi kwao. Ilikuwa ya chuma, nzito kama tofali, na shangazi alijifunza kuitumia kwa kukosea. Alipiga picha za ubatizo, harusi, nyumba mpya zilizoezekwa bati, na mara moja ng'ombe aliyezaa mapacha, akiwa amesimama katikati ya familia nzima. Alikuwa mkali akishika kamera. "Tulia! Usipumue!" alifoka, na watu wazima, hata wale waliokuwa na vyeo, walibana pumzi mpaka macho yakawatoka. Ndiyo maana katika albamu za kwetu kila mtu anaonekana kama ameshtuliwa na habari mbaya. Shangazi hakuwa ameolewa, na kijijini mwanamke wa namna hiyo huulizwa maswali mengi. Yeye hakuulizwa. Aliitwa Mpiga Picha, akapewa kiti cha mbele kwenye sherehe, na mambo yakaishia hapo. Kamera ndiyo iliyompa kiti hicho, na sisi sote nyumbani tulilijua hilo bila kuambiwa.

Mwaka wangu wa kipaimara picha zikaanza kuharibika. Mwanzoni zilirudi kutoka studio ya kusafishia kule Same zikiwa zimepauka kidogo, watu wakailaumu studio. Halafu zikazidi. Bibi harusi mmoja alisema yeye na mumewe wanaonekana kama walipigwa picha jikoni kuni zikiwa mbichi. Mzee mmoja wa kanisa ndiye pekee aliyefurahi, kwa sababu alipigwa akiwa na dirisha nyuma yake na mwanga ukamzunguka kichwa chote kama malaika. Mkewe akaitia picha ile kwenye fremu, wala hakutaka kusikia kwamba ni kasoro. Lakini wazazi wa watoto wa kipaimara hawakutaka malaika, walitaka watoto wao. Wakaamua kwamba shangazi asipoleta picha moja iliyo safi kabla ya Jumapili mbili kupita, wataleta mpiga picha kutoka mjini. Shangazi alipoambiwa alisema, "Sawa," akaenda kumenya ndizi, na siku hiyo tulikula ndizi zilizomenywa mpaka zikabaki kama vidole.

Sasa niseme kosa langu. Wiki chache kabla ya hapo, Jumamosi, shangazi akiwa kwenye mazoezi ya kwaya, nilipanda magunia nikaushusha ule mkoba. Nilitaka kuitazama kamera tu, nasema kweli. Nikaona kioo cha mbele kina kitu kama utando, kama sufuria iliyopikiwa maziwa ikaoshwa vibaya. Na kwetu msichana wa umri wangu alijua jambo moja la hakika kuhusu sufuria: haing'ai bila majivu. Tulizisugua kila Ijumaa tukazianika juu ya kichanja zikawaka juani mpaka jirani afinye macho, na msichana ambaye sufuria zake zilikuwa nyeusi alisemwa mpaka kwenye ukoo wa mama yake. Nikachota majivu meupe ya mgomba, yale laini, nikayachekecha kwa kitambaa ili niwe mstaarabu, nikasugua kile kioo juu chini, juu chini. Utando haukutoka hata kidogo. Badala yake, nilipogeuza kioo kwenye mwanga, niliona mistari myembamba ambayo nilikuwa na hakika haikuwepo. Nikafuta, nikairudisha kamera msumarini, nikashuka magunia. Kuanzia siku ile kila picha iliyorudi imepauka niliihesabu kuwa yangu. Na kwenye darasa la kipaimara, kati ya amri zote, mwinjilisti alinichagua niieleze ya nane, ile ya uongo. Niliieleza vizuri sana, nikapigiwa makofi, nikakaa chini nikitamani ardhi ipasuke.

Shangazi alipoamua kuteremka Same kumtafuta fundi, alinichukua nimsaidie kubeba mizigo. Tulipanda juu ya gari la tangawizi, tukaacha baridi na migomba nyuma, na kadiri tulivyoshuka ndivyo hewa ilivyozidi kukauka, mpaka pale Same midomo ikaanza kupasuka. Fundi mwenyewe alikuwa mtu wa saa. Aliitwa Lusajo, mzaliwa wa Mbeya, aliyekuja ujanani kufanya kazi ya mitambo kwenye mashamba ya mkonge, akachoka na mashine kubwa akahamia kwenye ndogo. Kibanda chake karibu na soko kilijaa saa za ukutani, zaidi ya ishirini, na hapakuwa na mbili zilizokubaliana.

"Shikamoo, fundi," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Mmeteremka na baridi yenu au mmeiacha juu?"

Aliipokea kamera, akaifungua nyuma, akawasha tochi na kuimulika ndani ya lenzi kwa upande, akiwa amefumba jicho moja. Mimi nilikuwa nimeshajihukumu na kujifunga. Kisha akauliza kwa upole, bila kuinua kichwa, "Hiki kioo cha mbele nani alikisafisha?"

Shangazi akatazama saa za ukutani. Nami nikatazama saa za ukutani. Tulizitazama kwa bidii, kama watu wanaongoja treni.

"Haya," alisema fundi, "basi kimejisafisha chenyewe. Kuna mikwaruzo hapa. Mingine inazunguka, mingine imenyooka. Lakini msiogope, mkwaruzo mwembamba wa juu hauonekani kwenye picha. Ugonjwa wenu uko ndani. Njoo uone, binti."

Akanishikisha tochi na kunionyesha jinsi ya kuielekeza. Mwanzo sikuona kitu, halafu nikaona vyote kwa pamoja. Vile vidoa vilivyotawanyika, akasema, ni vumbi, na vumbi halina matawi, liache. Mstari unaometa ukigeuza kioo ni mkwaruzo. Lakini ile kule ndani, kwenye kioo cha pili, ilikuwa na matawi. Nyuzi nyeupe zilitoka sehemu moja zikaenea pande zote, kama mizizi ya kitunguu ukiking'oa. Ilikuwa nzuri, Mungu anisamehe, kama kitu kilichofumwa. "Kuvu," alisema fundi. "Inapenda giza, joto na unyevu. Mama, unaiweka wapi kamera hii?" Shangazi akamweleza habari za tangawizi na mende, na fundi Lusajo akacheka mpaka akavua miwani. Sijawahi kufurahi hivyo katika maisha yangu. Niliona moyo wangu ukiteremshwa kutoka kwenye msumari.

Alituambia turudi baadaye, lakini tuligoma kuondoka, tukakaa tukamtazama. Kwa bikari ya shule aliyoinoa ncha zote mbili alizungusha pete ya lenzi taratibu, akatoa kioo cha kwanza, kisha cha pili, akaviweka juu ya kitambaa kama mayai. Alinituma duka la dawa nikalete ile dawa ya vidonda inayotoa povu. Akalowesha pamba, akafuta kutoka katikati kwenda pembeni, bila kukandamiza, akatupa pamba, akachukua nyingine. Hakusugua hata mara moja, na nilipoona hivyo masikio yaliniwaka. Baadaye aliweka vioo kwenye jua la Same, akavilaza kwa uangalifu, kwa maana, alisema, lenzi ikielekezwa vibaya inachoma, akatuonyesha shimo jeusi kwenye meza yake. Hakutudanganya. Kuvu imetoka, alisema, lakini pale ilipokula kioo itabaki alama ndogo, na mkirudisha kamera kwenye tangawizi, mwakani tutaonana tena. Iwekeni kwenye kopo kavu la bati lenye mfuniko, pamoja na vile vifuko vidogo vya chengachenga vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, vinavyonyonya maji. Alikataa hela akaomba tangawizi.

Hapo ndipo kipaimara kilipotusaidia, kwa sababu watoto wote wa darasa letu walikuwa wamenunuliwa viatu vipya. Jumapili iliyofuata, baada ya tangazo la vikundi vya wakulima, mwinjilisti akatangaza kwamba mwenye kifuko cha boksi la viatu amletee Mpiga Picha, na asikile, si chumvi. Vikaja vingi ajabu. Wazazi waliotaka kumleta mtu wa mjini nao walileta. Shangazi alivikausha juu ya kikaango kila mwezi, akivigeuza kama karanga. Na ile picha moja ya kuthibitisha alinipiga mimi, nimesimama mbele ya stoo. Iliporudi, ungeweza kuhesabu vifungo vya gauni langu na makovu madogo ya tetekuwanga juu ya pua yangu. Wazazi waliitazama, wakapeana kwa mikono, na hakuna aliyezungumzia tena habari za mjini. Siku ya kipaimara shangazi alikuwa kwenye kiti chake cha mbele, akifoka, na darasa zima tukabana pumzi.

Sasa naishi Same, penye jua kali na hewa kavu ambayo kuvu haiipendi, na nina studio yangu. Watu wengi hujipiga kwa simu, picha mia kwa siku, na hakuna anayeambiwa asipumue. Nadhani ni vizuri, nyuso zimepumzika. Lakini vijana wameanza tena kuzipenda kamera za zamani, wananiletea za babu zao kutoka milimani, nami nawasha tochi na kuwaonyesha: hili vumbi, huu mkwaruzo, hii ina matawi. Ya shangazi ninayo mimi. Mwili wa kamera ulikufa, ila lenzi nimeifunga kwa pete kwenye kamera yangu mpya na bado inafanya kazi.

Mwaka jana shangazi, ambaye sasa anatembelea fimbo, aliteremka kupiga picha ya kadi ya bima. Nikaona siwezi kuzeeka na jambo hili. Nikampa lenzi ile mkononi, nikamweleza yote: kwaya, magunia, majivu, amri ya nane. Aliigeuza kwenye mwanga wa mlango, akafumba jicho moja kama fundi.

"Uliisugua vipi?" aliuliza.

"Juu chini, shangazi."

"Basi hii iliyonyooka ndiyo yako." Akapitisha ukucha kwenye ile mingine, inayozunguka. "Na hii ya kuzunguka, Nakijwa, ulidhani ni ya nani? Nilianza mimi. Majivu ya mgomba hayohayo. Siku ile pale kwa fundi nusura nizimie."

Nilimketisha kwenye kiti, nikashika kamera, nikamwambia kwa sauti yake mwenyewe, "Tulia! Usipumue!" Hakutulia kwa kicheko. Picha ile imetoka imetikisika, haifai kwa kadi yoyote, na safari hii lenzi haina kosa. Nimeitundika ukutani studio, mbele kabisa.