Salamu Hazikufika Wodini

Juma hili nilikuwa Mukurweini kumzika kijana fundi wa nguo aliyekuwa na kibanda pale Gatitu, nami nimerudi na kinyongo ambacho sitajaribu kukificha. Kifua ndicho kilichomwondoa. Wengi wenu mlimjua bila kumwona, maana jina lake lilisomwa karibu kila alasiri katika kipindi cha salamu redioni. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha watuma salamu, vijana wa kutoka Nyeri hadi Kenol ambao hununua kadi, huandika majina ya wenzao na kuzituma kwa posta Nairobi ili mtangazaji awasomee.

Nilimfahamu kwa sababu ya suruali. Kila mara kipindi kilipoanza, mguu wake ulitoka kwenye pedeli ya cherehani, na suruali yangu ikabaki chini ya sindano mpaka salamu ziishe. Alasiri moja majina yalisomwa yote na lake halikuwemo. Nilidhani atacheka. Akaacha sahani yake ya githeri, mahindi na maharagwe, ikapoa, akawa anauliza, "Ati hata mmoja hajanikumbuka? Kwani nimekosea nani?" Kesho yake hakufungua kibanda. Nilipomwambia kwamba Gatitu nzima inamjua bila redio, alinitazama kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni mimi. "Mzee, hauwezi elewa. Usipotajwa ni kama hauko."

Sisi wazazi tuliuona huu ni mchezo wa vijana, bora kuliko pombe. Sikujua kwamba mtu anaweza kuamka akiwa na nguvu zake, ana kazi na mama anayempenda, kisha usingizi umpotee kwa kuwa sauti ya mbali haikumtaja. Siku hizi nawaona wengi wa namna hiyo, wakicheka wakisomwa na kununa wakirukwa, na furaha yao yote iko mkononi mwa watu ambao hawajawahi kula nao meza moja.

Alipolazwa mjini Nyeri nilikwenda kumwona. Mama yake alikuwa ameketi kando ya kitanda, na redio ndogo iko juu ya mto. Salamu za ugua pole zilimiminika, wanakikundi wakisema wako naye katika maombi. Muuguzi akatania, "Mama, kijana yako ni mheshimiwa? Kila siku redio inamtaja."

Mama hakucheka. "Sista, huyu ametuma salamu sasa ni wa hapo Gatitu. Kutoka Gatitu mpaka hii kitanda ni mbali aje?"

Kijana akageukia ukuta. Lakini kila mlango wa wodi ulipofunguliwa saa ya kuona wagonjwa, aliinua kichwa kuangalia kama ni wao. Hawakuja. Kadi ilipanda gari la posta hadi Nairobi, ikangoja zamu yake, ikarudi hewani mpaka Nyeri, na aliyeiandika hakuweza kuvuka mji. Walimsaliti, wala sitafuti neno laini zaidi.

Mazishini walifika wote. Walikuja na gari la kukodi na fulana za rangi moja, wakaimba vizuri, wakapigwa picha kando ya jeneza. Nilimvuta mmoja pembeni nikamuuliza walikuwa wapi mwenzao alipokuwa akiwangoja. Akashangaa kweli. "Mzee, sisi hatukumwacha. Tulimsalimia mpaka siku ya mwisho." Hakuwa akinidanganya. Aliamini alichosema, na hilo limeniuma kuliko uongo wowote ambao angeweza kunitungia.

Wazee walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Vijana wetu wamefundishana kwamba kutajwa ndiko kupendwa, nasi tumekaa kimya kwa kuwa hawatusumbui. Basi wewe kijana unayesoma haya, ukisikia rafiki yako amelazwa, weka kalamu chini uvae viatu.