Utosi na Kisogo

Naandika haya nikiwa bado na hasira, maana najijua. Nikingoja nipoe nitasema basi, yamepita, kila mtu na shida zake. Marehemu mke wangu alinilaumu miaka yote kwa kusamehe watu kabla hawajaomba. Safari hii sitaki kupoa.

Ninayetaka mmjue anaitwa Laban. Kwao ni Mumias, Kenya. Alifika Doha mwaka 2011, kampuni ikampa kazi ya kufunga yale majukwaa ya mabomba ambayo mafundi husimama juu yake wakijenga ghorofa. Mimi nilikuwa dereva wa basi la kampuni hiyo hiyo, nikiwatoa kambini Industrial Area alfajiri na kuwarudisha jioni. Wengine walilala njia nzima, vichwa vikigonga vioo. Laban alikaa kiti cha mbele na kuongea. Tukipita West Bay ananionyesha: "Lile la kioo cha kijani, mzee, nilifika mpaka ghorofa ya arobaini. Sasa nikienda kuomba maji pale chini, mlinzi atanifukuza." Anacheka mwenyewe.

Alikuwa mtu wa kuheshimu helmeti. Wageni wa kazi alikuwa akiwafundisha yeye. Anaigeuza kofia, anasoma tarehe iliyochapwa ndani, anavuta kamba zake, anasema hii imechoka, tupa. Siku moja spana ilidondoka kutoka ghorofa ya kumi na mbili ikamtua mwenzake utosini. Kofia ikapasuka. Mwenye kichwa akakaa chini, akaomba maji, akaishi. Tangu siku hiyo hukuweza kumfanyia Laban mzaha kuhusu kofia.

Mwaka 2017 kampuni ikafungua mahali pa theluji ndani ya jengo la maduka. Ndiyo, theluji, Doha. Nje jua linakuchoma mpaka usukani haushikiki bila kitambaa, ndani mashine zinamwaga barafu laini kama unga, na watu wamevaa makoti. Mara ya kwanza kuingia nilidhani nimefungiwa kwenye friji ya samaki. Kuna kilima kimetengenezwa, na watu wanapanda juu, wanafungwa miguu yote miwili kwenye ubao mmoja, halafu wanateleza ubavu ubavu mpaka chini. Wengi ni watu wanaojifua kabla ya kwenda likizo kwenye milima ya Ulaya. Mimi sikuelewa raha yake iko wapi, lakini si kila raha lazima niielewe.

Laban akahamishiwa huko pamoja na wenzake kumi na mmoja. Akaja mwalimu kutoka nje, akawafundisha wiki sita, wakaanguka mpaka makalio yakawa meusi. Mwalimu alikuwa na helmeti zake za kufundishia. Alipoondoka, akaondoka nazo.

Kazi ya Laban ikawa mbili: kufundisha wageni kuteleza, na kabla ya hapo kuwachagulia helmeti. Hiyo ya pili aliifanya na Nafula, dada wa Bungoma aliyekaa mezani kuandikisha watu. Nyuma yao palikuwa na rafu ya helmeti zaidi ya mia mbili, kila saizi. Nimewaona wakifanya kazi hiyo mara nyingi nikisubiri basi lijae. Laban anapiga goti mbele ya mtoto, anazungusha utepe wa kupimia juu ya nyusi na nyuma kwenye kisogo. Anamvika. Anamwambia tikisa kichwa. Kofia ikicheza, inatoka, inaletwa ndogo. Ikiacha alama nyekundu kwenye paji, inatoka, inaletwa kubwa. Kidole kimoja kipite chini ya kidevu, viwili hapana. Mama mmoja alitaka ya binti yake iwe kubwa ili aivae na mwakani. Laban akamwambia kwa ule mchanganyiko wake wa Kiarabu na Kiingereza: "Mama, mwakani njoo tena. Leo anaanguka leo."

Sasa sikilizeni. Mwezi mmoja baadaye zikaja helmeti za wafanyakazi. Boksi limetoka stoo ya kampuni, Industrial Area. Laban akalifungua, akaita, "Nafula, wamekosea boksi." Hawakukosea. Zilikuwa zile zile kofia za manjano za mjengo, walizovaa kwenye majukwaa.

Akampelekea mudiri. Mudiri ndiye bosi wa mahali pale, anaitwa Fabian, mtu aliyetoka kwenye mahoteli, suti kila siku hata kwenye barafu.

"Bwana Fabian, hizi ni za utosi," Laban akamwambia. "Zimetengenezwa kwa kitu kinachokuangukia. Huku hakuna kinachoniangukia. Ninayeanguka ni mimi, na kwenye ubao unaanguka kinyumenyume, kwa kisogo. Angalia nyuma hapa, kuna nini? Hewa."

"Helmeti ni helmeti."

"Basi tupe za rafuni. Ziko mia mbili."

"Zile ni za wageni. Mgeni hawezi kuvaa kitu chenye jasho lako."

Hilo Laban alinisimulia kwenye basi. Jasho lako. Wageni wenyewe wanavaliana jasho kutwa, wanapulizwa dawa kidogo, anavaa mwingine. Lakini la Laban ndilo lenye sumu.

Wakavaa za manjano miezi mitatu. Laban aliandika barua mbili, zote alinisomea. Hazikujibiwa.

Jumatano moja mwenzake Herbert, Mganda wa Mbale, mpole kuliko mimi, alikuwa akiwaonyesha wageni namna ya kusimama. Ukingo wa ubao ukashika barafu kwa nyuma. Akaenda chali. Kofia ya manjano ikaruka kabla hajafika chini, ikaenda zake ikiviringika kilimani, na kisogo kikapiga ile barafu ngumu iliyo chini ya laini. Mimi ndiye niliyempeleka hospitali kwa basi. Njiani aliniuliza mara tatu leo ni siku gani, akaniita kwa jina la mjomba wake. Wakamlaza.

Kesho yake mudiri akabandika tangazo: mfanyakazi ameumia kwa sababu hakufunga mkanda wa kidevu. Zile kofia hazikuwa na mkanda wa kidevu! Hazikuja nao. Sijui alitaka Herbert afunge nini, masikio?

Ijumaa asubuhi Laban alikaa kiti cha mbele, kofia ya manjano magotini. Niliingia naye, nikachukue simu na jaketi la Herbert. Ijumaa wageni ni wengi. Walikuwa wamepanga foleni, mbele kabisa baba mmoja wa pale pale Doha na mabinti zake wawili. Laban akaiweka kofia ya manjano juu ya meza, akazunguka, akasimama kwenye foleni upande wa wageni, nyuma ya wale mabinti.

Zamu yake ikafika. Nafula akamtazama. Nikaona dada yule ameelewa.

"Karibu, bwana," akasema, uso mkavu. "Umewahi kupanda ubao?"

"Kidogo kidogo."

"Jina?"

"Laban. L kubwa."

"Kichwa je, kikubwa pia?"

"Pima, dada, usikadirie. Nasikia hapa mnapima vizuri sana."

Nafula akatoa utepe, akazungusha juu ya nyusi, akarudi kisogoni. Hamsini na tisa. Akaleta ya kwanza, nyeusi. Laban akatikisa kichwa, ikacheza. "Hapana." Ya pili ikambana paji. "Hapana." Wageni wakaanza kutazama. Mudiri akatoka ofisini mbio mbio.

"Laban! Unafanya nini?"

"Nachagua helmeti, bwana."

"Rudi kazini, yalla!"

"Siwezi kupanda bila helmeti. Sheria yako, umeibandika mlangoni." Hakugeuka. "Nafula, ile ya kijivu. Hapana, ya juu yake. Hiyo. Nina kisogo kirefu, cha kwa baba."

"Hiyo ni ya mgeni!"

Hapo Laban akageuka. Miaka yote ya kiti cha mbele sikuwahi kumsikia akipaza sauti. "Herbert naye ana kisogo! Ana kisogo, Fabian! Leo hajui mwezi gani! Unaandika mkanda, mkanda upi? Nionyeshe mkanda!" Akaichukua ile ya manjano, akamwinulia machoni. "Nionyeshe ulipo!"

Wale wenzake wengine, wa kwenye kilima, mmoja mmoja wakavua zao, wakaja wakasimama nyuma ya Laban kwenye foleni. Njenga wa Nyeri, aliyekuwa wa pili, akasema polepole, "Na mimi dada, saizi kubwa. Mama alinizaa na kichwa cha debe." Mtu akacheka kwa woga.

Yule baba wa mabinti akamuuliza mudiri, kwa Kiarabu na kwa upole tu: "Kwani hawa hawana helmeti zao?"

Mudiri akabadilika rangi. "Wanazo, bwana, ni... wanabadilishiwa." Akamgeukia Nafula. "Wape. Khalas, wape."

Laban akavaa ya kijivu. Akatikisa kichwa. Haikucheza, ngozi ya paji ilisogea nayo. Akapitisha kidole chini ya kidevu. Kimoja. Akaenda kazini, akafundisha wale mabinti mpaka saa sita, hakuna aliyeanguka vibaya.

Mnaweza kudhani sasa nitapoa. Sikupoa. Miezi mitatu ya barua haikufanya kitu. Kisogo cha Herbert hakikufanya kitu. Swali moja la mgeni likafanya kwa kitambo cha kupiga chafya. Na wiki ile ile zikatengwa helmeti kumi na mbili za wafanyakazi, zikabandikwa majina. Moja ilibaki bila jina. Maana Laban alipewa karatasi: aombe radhi kwa kumdhalilisha mudiri mbele ya wageni, au arudi kwenye majukwaa.

Aliisoma ndani ya basi, nimeegesha kambini.

"Nitie saini, mzee?"

Nusura nimwambie tia, mwanangu, yaishe. Neno lilifika mdomoni kabisa.

"Ya kwa Herbert wameandika lini?" akauliza.

"Ya nini?"

"Ya radhi. Tangazo bado liko ukutani, linasema ni yeye hakufunga. Kila mgeni anasoma. Mimi nianze kuomba, wao lini?"

Akaikunja karatasi mara mbili, akaniachia juu ya dashibodi bila saini, akashuka.

Jumatatu nilimpeleka mwenyewe kwenye mjengo, nje kabisa ya mji, saa kumi na moja na nusu alfajiri na joto limeshaamka. Nafula alikuwa amemtumia ujumbe: Herbert katoka hospitali, kawekwa kwenye meza ya kuwagawia wageni viatu, mwanga mkali unamuumiza macho. Laban alinisomea, akaweka simu mfukoni, akavaa kofia yake ya manjano, ambayo huko ndiko mahali pake, akapita getini bila kugeuka.

Nilibaki nimekaa. Nikapiga honi. Sikuwa namwita mtu. Dereva wa gari la nyuma akatoa kichwa dirishani akanitukana, na mimi, mzee mzima, nikaikandamiza tena, nikaishikilia.