Sauti Moja Katika Gemu Mbili

Khairat wa Chumbageni, Tanga, alipofushwa na surua akiwa mtoto, na hakuna mlio uliompita masikioni. Asubuhi alisuka ukili wa mikeka. Alasiri alikaa barazani na mashine ya gemu ya mkononi aliyoachiwa na marehemu baba yake, akicheza gemu ya ndege kwa kusikiliza tu.

Mdogo wake Shadya, anayeandika programu za kompyuta Arusha, alipokuja likizo alimletea gemu ya mitumba, ya magari. Khairat akaicheza kidogo, akasita.

"Hii imetengenezwa na walewale wa ndege."

Shadya akasoma majina kwenye kaseti zote mbili. "Hapana, dada. Kampuni tofauti kabisa."

"Basi aliyeweka sauti ni mmoja. Sikiliza. Mlio wa kugongwa ukiingia, ngoma ya chini inanyamaza, halafu inarudi imechelewa kidogo. Kote ni vivyo hivyo."

Shadya hakusikia kitu, lakini maneno yale yalimganda kichwani. Kesho yake akazinakili gemu zote mbili kwenye kompyuta, akatafuta kile kipande cha programu kinachoiamuru mashine itoe sauti. Muziki ulikuwa tofauti. Maagizo ya kuupiga yalikuwa yaleyale, herufi kwa herufi, na lile kosa la kuchelewa limo humo humo.

"Dada, umepatia! Wametumia programu moja ya sauti!"

Khairat akacheka mpaka ukili ukamponyoka. Kisha akauliza, "Aliyeiandika ni nani?"

Shadya akatafuta. Mwishoni mwa kila gemu walitajwa wachoraji, wapiga muziki, hata mabosi, ila si huyo.

"Miaka yote hii nimekaa naye," Khairat akasema taratibu, "na jina lake silijui."

Shadya aliporudi Arusha aliuliza kwa wapenzi wa gemu za zamani mtandaoni. Ikapita miezi, hadi mmoja akajibu: mwandishi wa programu ile yu hai, ni bibi mtu mzima huko Japani, anatunza bustani. Khairat akashika simu kumrekodia ujumbe, akakohoa, akaanza, "Shikamoo bibi. Naitwa Khairat, niko Tanga."

Shadya akautuma pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na jibu lilipofika alimtafsiria dada yake kwa simu. Bibi alisema kosa lile la ngoma kuchelewa alilijua tangu siku zile, ila kazi ilitakiwa haraka, akaiacha ilivyo. Akaomba radhi.

"Mwambie asihangaike," Khairat akasema. "Mimi nimeshalizoea."